Kabla ya mkalimani: shajara ya mradi wetu na viziwi wa Nakivale

13 Januari

Tumepewa chumba kimoja Base Camp, kimeshikana na ghala la maharagwe. Mabati juu, meza mbili, dirisha moja. Dirisha lilikuwa nyuma ya kiti changu. Kofia, mwenzetu kiziwi, aliingia, akasimama mlangoni, akaniangalia kwa muda, kisha akapitisha kiganja usoni pake kunionyesha kwamba uso wangu ni kivuli kitupu. Mtu akilipa dirisha mgongo, kiziwi haoni midomo yake wala nyusi zake, na katika lugha ya alama nyusi ndizo zinazosema kama hili ni swali au ni habari. Tuligeuza meza kabla ya kufungua sanduku hata moja.

Kwa asiyeijua Nakivale: iko wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania, na imekuwa ikipokea wakimbizi tangu 1958. Siku hizi wengi ni Wakongo. Ndiyo maana kwenye foleni ya maji, sokoni na kanisani Kiswahili ndicho kinachotembea, ingawa nchi yenyewe ni Uganda, ambako rika langu tulikua tukiambiwa kwamba hiyo ni lugha ya askari. Mimi ni mtu wa Busia, mpakani na Kenya, kwetu mpaka umetufundisha mapema, kwa hiyo sina shida nayo.

Tuko wanne. Humu nitaita watu kwa majina yao ya alama, kwanza kwa sababu ya faragha, pili kwa sababu hayo ndiyo tunayoitana kutwa nzima. Kofia ni kiziwi wa Kampala, afisa wa nyanjani. Nyusi ni kiziwi aliyetoka Kongo, ana kovu linalokata nyusi ya kushoto, anaishi humu humu kambini kama mkimbizi, na mkataba wake unasema “mhamasishaji wa kujitolea”. Pete anasikia, ni mkalimani aliyesomea Chuo Kikuu cha Kyambogo. Mimi ni mratibu, na jina langu ni kalamu iliyochomekwa juu ya sikio. Nilidhani ni jina la heshima. Kumbe ni kwa sababu huwa naitafuta kalamu chumba kizima na iko pale pale.

Mpango wa miezi mitatu: kuwafundisha watumishi 24 misingi ya Lugha ya Alama ya Uganda (makarani wa usajili, manesi, polisi, walimu), kuwatafuta viziwi na wenye usikivu hafifu katika vijiji vinane, kupima masikio, kugawa vifaa vya kusikia 30.

20 Januari

Kijiji cha kwanza. Mwenyekiti wa kamati ya wakimbizi alitupokea vizuri, akaketi, akahesabu kwa vidole: “Bubu tunao wanne.” Wahudumu wa afya wa kijiji nao walikuwa na wanne, wale wale.

Nyusi hakuwa na habari na orodha. Alikwenda bombani, akawakuta watoto na madumu yao, akagusa sikio lake na kutikisa kidole, kisha akauliza kwa mikono: wako wapi? Watoto hawana aibu ya mambo ya nyumbani. Walitutangulia mbio mlango kwa mlango. Kufikia saa tisa tulikuwa na kumi na mmoja, mmoja wao nyumba ya tatu kutoka kwa mwenyekiti mwenyewe. Mzee alisema, “Huyu? Huyu mimi nilidhani ni mpole tu.”

Jioni Kofia alitaka tuandike mahali neno gani tutatumia. Tunasema kiziwi, viziwi. Bubu hapana, maana wana lugha, na wengi wana sauti pia. Anasema kwao Buganda alikua akiitwa kasiru, na neno hilo linabeba upumbavu ndani yake; mtu akilisikia tangu utotoni hulibeba hata kama halisikii.

Kati ya kumi na mmoja, watatu waliwahi kukaa darasani. Mama zao wanasimulia yale yale kwa lafudhi tofauti: homa kali na shingo kukakamaa, nasi tukajua ni homa ya uti wa mgongo, surua, malaria kali akachomwa kwinini, masikio yaliyotoa usaha mwaka hata mwaka. Mmoja alichomwa jentamaisini siku nyingi akiwa mchanga. Dawa hiyo huokoa mtoto na huweza kuua seli za sikio la ndani, na mama huyo tangu siku ile anajilaumu kwa kumpeleka hospitali. Nilimwambia bila sindano pengine asingekuwa na mtoto wa kumlaumia. Sijui kama nilisema vizuri.

28 Januari

Mafunzo ya watumishi, siku tano, yamekwisha. Mahudhurio mazuri, picha nzuri, soda zilitosha. Tulianza na alfabeti ya vidole, kama kila mtu anavyoanza, halafu salamu, namba, jamaa, magonjwa. Kofia alikuja na nakala yake ya kamusi ya Lugha ya Alama ya Uganda ya 2006, imechakaa kama kitabu cha nyimbo.

Leo mchana nilipita kituo cha afya kuangalia matunda. Nesi mmoja, mwanafunzi wetu bora, alikuwa mbele ya mwanamke wa kile kijiji cha kwanza. Aliinua mkono akaandika hewani kwa vidole, polepole, kwa makini ya kupendeza: M-A-L-A-R-I-A. Mwanamke alivitazama vile vidole, akamtazama usoni, akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Nesi akafurahi. Mimi nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu yule mama hajawahi kusoma hata herufi moja. Alikuwa anaitikia adabu.

Tumefundisha watu 24 kuandika hewani kwa ajili ya watu ambao wengi wao hawasomi.

6 Februari

Nilikuwa najua tatizo lipo, leo nimeliona lilivyopangana. Kijana wa miaka kama ishirini, wa Fizi kule Kongo, ana kesi ya simu iliyopotea na polisi wanataka maelezo yake. Hana lugha ya alama yoyote ila zile za nyumbani, alizotunga na mama yake. Nilimweka Pete mbele yake kama kitabu kinavyosema. Pete alijaribu nusu saa. Ni mkalimani safi, lakini mafunzo yake ni kati ya Lugha ya Alama ya Uganda na Kiingereza. Kiswahili chake ni cha kununulia nyanya. Mama wa kijana anaongea Kiswahili cha Kongo. Polisi wanaandika Kiingereza.

Basi tukapanga mnyororo. Kijana kwa mama: alama za nyumbani. Mama kwangu: Kiswahili. Mimi kwa Pete: Kiingereza. Pete kwa Kofia: alama za Uganda, maana Kofia ndiye aliyekuwa na maswali ya maana. Na kurudi tena kwa njia ile ile. Neno lilipanda matatu nne kabla ya kufika. Tulipouliza “ulimwona lini mara ya mwisho?” likarudi jibu kuhusu mbuzi.

Nyusi alikuwa amekaa pembeni kwa sababu kikao kilikuwa “cha wakalimani”. Baadaye akasimama bila kuombwa, akachuchumaa mbele ya kijana, akaokota kijiti. Alichora nyumba chini, akachora njia, akaweka jiwe likawa simu. Jua akaliweka kwa mkono: hapa asubuhi, hapa mchana, hapa linazama. Kijana alilisogeza jiwe mwenyewe. Kwa dakika kumi habari yote ilikuwa ardhini, na Nyusi akageuka akamweleza Kofia.

Hapo napo pana hadithi. Nyusi alisoma shule ya viziwi huko Kongo mpaka darasa la sita, na alama zake ni zile zilizoenea Afrika ya Kifaransa kutoka kwenye shule za Andrew Foster, kiziwi Mmarekani mweusi aliyefungua zaidi ya shule 30 barani, akafa katika ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987. Shina lake ni la Kimarekani, lakini midomo inasema Kifaransa. Kofia midomo yake inasema Kiingereza, mara nyingine Kiganda. Wiki ya kwanza hawa wawili walikuwa wanakosana kila neno la tatu. Kufikia wiki ya tatu walikuwa wanasengenya watu mbele yetu, na hata Pete hawapati.

Nilichojifunza leo, niandike kabla sijakipamba: mkalimani anayesikia si mlango wa kwanza. Mlango wa kwanza ni kiziwi mwenzake. Pete aje nyuma ya Nyusi, si mbele yake.

11 Februari

Betri. Nitasema yote maana wafadhili wataona hesabu.

Vifaa vyetu vikubwa vinatumia betri namba 675. Ni betri zinazokula hewa: nyuma zina vitundu vidogo vimezibwa kwa stika, na ukibandua stika hewa inaingia, kazi inaanza, iwe imo kwenye kifaa au imo mfukoni. Kurudisha stika hakusaidii kitu. Ikitumika, huenda wiki mbili hivi.

Jana nilimwomba kijana wa kujitolea ahakikishe betri zote ni nzima. Ni kijana mwaminifu. Alikaa stoo mchana kutwa, akabandua stika moja moja, akazipima kwa kile kipima-betri, akazipanga tena kwenye boksi vizuri kama mayai. Zilikuwa 240. Alikuja kuniambia kwa fahari kwamba zote zinafanya kazi.

Sikumgombeza. Agizo lilikuwa langu na sikueleza. Tumegawa nyingi tulizoweza kwa walio na vifaa tayari, tukiwaambia watumie sasa hivi. Zilizobaki zimekufa zikiwa mpya. Nimeandika Kampala kuomba nyingine.

17 Februari

Hakuna cha kuandika. Boda mbili zimekataa njia ya Juru kwa sababu ya tope. Kofia ana malaria.

24 Februari

Mazungumzo ya malipo, kwa simu, na ofisi inayoshika fedha zetu. Mkalimani analipwa shilingi 80,000 kwa siku. Nyusi, ambaye sasa ndiye anayefanya kila kikao kiende, anapata “posho ya kujitolea” 15,000. (Wageni wa Uganda, msichanganyikiwe: mtaani posho ni ule ugali wa mahindi. Nyusi anasema yake ni posho ya aina hiyo hasa, inaishia sufuriani.)

Niliomba wamweke kwenye ngazi moja na Pete. Jibu: fomu ina mstari wa mkalimani, na mkalimani ni mtu anayesikia na mwenye cheti. Nikauliza, je, kiziwi anayefikisha maneno kwa kiziwi mwenzake tumwite nani? Kimya, halafu “tutaangalia”.

Kofia, amepona na ana hasira, alinisaidia kuandika barua. Alianza na Katiba ya 1995, ile inayosema Serikali ihimize kukuzwa kwa lugha ya alama kwa ajili ya viziwi. Akaendelea na Alex Ndeezi, kiziwi aliyeingia Bungeni mwaka 1996. Nilimwambia barua ya mstari mmoja wa bajeti haihitaji historia ya taifa. Akanijibu: “Wewe unaomba. Mimi nawakumbusha.” Tukaituma kama alivyoandika.

Pete, nimtaje kwa haki, aliandika barua yake mwenyewe, akisema kwamba vikao vitatu vya mwisho yeye alikuwa anatafsiri kazi ya Nyusi, kwa hiyo kama kuna anayepaswa kulipwa pungufu wanajua ni nani. Sina mwenzangu ninayemwonea fahari kama huyu.

4 Machi

Jana ilikuwa Siku ya Usikivu Duniani, tukaona ni siku nzuri ya kuanza kupima. Tatizo la kupima masikio kambini ni kelele. Mtoto anatakiwa kusikia mlio mdogo kabisa, na nje kuna jenereta, jogoo, kinu cha mahindi, na mvua ikigusa mabati hata mwenye masikio mazima hasikii kitu. Chumba maalumu kiko mbali, Mbarara.

Wazo ni la mlinzi wa ghala. Alisema akitaka kulala mchana huingia katikati ya magunia ya maharagwe, dunia inanyamaza. Tulimwomba ruhusa mkuu wa stoo, tukapanga magunia pande tatu mpaka kimo cha mtu, tukatundika blanketi mlangoni. Fundi wa usikivu aliyekuja kutoka mjini alicheka, halafu akapima kelele ndani, akaacha kucheka.

Watu 63 kwa siku mbili. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 430 wenye upungufu unaohitaji huduma, yaani zaidi ya desibeli 35 kwenye sikio lililo zima zaidi, na linasema kwa watoto kama asilimia 60 ya visababishi vinaweza kuzuiwa. Ukiwa mlangoni mwa ghala unaiona asilimia hiyo ikipita: sikio la usaha, sikio la usaha, nta ngumu kama mkaa, punje ya hindi (kweli, ya tangu mwaka jana), sikio la usaha. Nusu ya foleni haikuhitaji kifaa. Ilihitaji mtu wa kuwaambia mama zao waache kumimina mafuta ya moto, wakunje kitambaa safi kiwe utambi, wakaushe sikio mara tatu kwa siku, na wapewe matone na kliniki kwa siku 14.

Mzee mmoja aliyewekewa kifaa cha majaribio alikaa kimya, kisha akauliza hiyo sauti ya kukwaruza ni nini. Ilikuwa ni magunia, mtu ameegemea. Akaomba aegemee tena.

12 Machi

Jambo la fedha za chakula wanazogawiwa wakimbizi. Yule mwanamke wa M-A-L-A-R-I-A amekuwa akiandikwa “hakufika” mara tatu. Alifika mara zote tatu. Majina huitwa kwa kipaza sauti, na yeye hukaa pale juani tangu saa kumi na mbili asubuhi akitazama migongo ya watu, mpaka watu wanaisha.

Safari nyingine jirani yake humsaidia. Nyusi alikaa naye jikoni alasiri nzima, bila karatasi, akimenya naye mihogo. Walikuwa wanaongea kwa macho, kwa kisu, kwa maganda. Aliporudi alituambia: jirani anampeleka mezani, anamshikia mkono kwenye mashine ya alama za vidole, na njiani kurudi anachukua nusu. Mwanamke alikuwa anadhani ndiyo bei. Anadhani kila mtu ana jirani na kila mtu analipa.

Hakuna mafunzo ya siku tano ambayo yangenipa habari hii. Pete anakiri asingeipata, na mimi hata kumenya mihogo naikata vibaya.

Suala la jirani limekwenda kwa wanaoshughulikia ulinzi wa wakimbizi. Nisiandike zaidi.

27 Machi

Tumerudia mafunzo, watumishi wale wale, siku mbili tu, na safari hii walimu ni Nyusi na Kofia, Pete akiwa pembeni akitoa sauti na kupumzika kila dakika 20 kama inavyotakiwa. Alfabeti hatukuigusa. Asubuhi ya kwanza karani, polisi na nesi walipewa kazi: mweleze Nyusi kwamba dawa hii anywe mara mbili, baada ya kula, na akitapika arudi. Bila kusema, bila kuandika. Polisi mmoja mrefu alitapika kwa ustadi mpaka mlinzi akaja kuangalia.

Jambo jingine ni dogo, lakini limekuwa na faida kuliko yote niliyoyaandika kwenye pendekezo la mradi. Meza ya malipo sasa ina kadi kubwa za namba zinazopinduliwa, nyeusi juu ya nyeupe, zimetundikwa juu ili zionekane kutoka nyuma. Kila mtu anapewa namba yake anapofika. Seremala amechukua 35,000 pamoja na misumari. Siku ya kwanza waliozisifu sana hawakuwa viziwi; walikuwa Wasomali na Warundi ambao majina yao yamekuwa yakisomwa vibaya miaka yote.

Mwanamke wetu alikuwa namba 212. Nyusi alisimama naye mpaka 150, kisha akaondoka kwa makusudi. Tulikuwa tunachungulia nyuma ya lori kama wezi. Ilipopinduliwa 212 alisimama, akaitazama kadi yake, akaitazama ile ya juu, akaangalia tena ya mkononi, akaenda mwenyewe.

8 Aprili

Hesabu ya miezi mitatu: vijiji sita badala ya vinane. Viziwi 47 tumewafikia, wenye usikivu hafifu zaidi ya hapo. Vifaa 19 vimetolewa kati ya 30, kwa sababu vilivyobaki tunangoja vipira vya masikio vinavyochongwa kwa kipimo cha mtu. Kifaa bila kipira chake hupiga mluzi na mwenyewe hukitupa kabatini. Darasa la jioni la lugha ya alama lina watu 14, na linaisha saa moja jioni, giza linapoingia, maana gizani kiziwi hana mazungumzo. Tumeomba taa mbili za sola. Anayefundisha ni Nyusi. Kijana wa Fizi anakuja kila siku na hukaa mbele. Juzi alimfundisha mama yake alama ya “kesho”.

Jibu la malipo limefika: Nyusi atalipwa 50,000 kwa siku, kwa cheo cha “msaidizi wa mkalimani”. Kofia hajaridhika na cheo. Nyusi amesema cheo hakiliwi, lakini barua ya pili tayari anaichora mwenyewe, na nimeona ndani yake kuna jiwe na kijiti.

Betri mpya zimefika jana na basi la Mbarara, boksi moja. Nimelifungua mbele ya watu wote. Stika zote zipo. Nimezihesabu kwa macho, mikono mgongoni.